Nilitubu kwa Spika Nilizozichagua Mwenyewe

Nimekosa, lakini kosa langu silo lile nililosomewa mbele ya kanisa. Wao wanasema nilikosa kwa kupima spika za nyumba ya Mungu kwa muziki wa pombe. Mimi nasema nilikosa siku nilipokubali kwamba hilo ni kosa. Wewe unayesoma utaamua. Ila nisikilize mpaka mwisho, kwa maana mara ya kwanza nilipojieleza sikusema yaliyonipasa kusema, nikasema mengi yasiyonipasa.

Mimi ni mwalimu kijana upande wa Ekerenyo. Tulipopata Uhuru nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, na baba yangu alikuwa amekwisha kufariki. Aliyenilea ni kaka yake mkubwa, ambaye namwita Tata, kwa sababu kwetu kaka wa baba ni baba. Tata hana shamba kubwa la chai wala duka. Ana obokano, kile chombo chetu kikubwa cha nyuzi nane, na watu walikuwa wakimwita kila penye sherehe na pombe ili akae kwenye kigoda chake na kukipiga. Ada yangu ya shule ilitoka katika nyuzi hizo. Ng'ombe niliowatoa kwa ajili ya mchumba wangu walitoka humo pia. Shika neno hilo, maana ndilo nililolisahau.

Chuoni nilipewa kusimamia chumba cha muziki, na mkufunzi wetu alitufundisha jambo ambalo nimelishika kuliko mengine yote. Spika, alisema, haipimwi kwa wimbo mtamu. Hupimwa kwa wimbo unaoujua, wimbo uliowahi kuusikia ukipigwa mbele ya macho yako. Ukiipima kwa wimbo mgeni, utajuaje kama utamu ule ni wa mwimbaji au ni uongo wa spika?

Kanisa letu lilipoamua kununua mashine ya kukuzia sauti kwa ajili ya mkutano mkubwa wa mwaka, ambapo watu hukaa mteremkoni mpaka karibu na kijito na walio nyuma hawasikii kitu, kamati ilisema, "Mwalimu aende Kisii. Yeye amesomea mambo hayo." Nikapewa mzee wa kanisa wa kufuatana naye. Mzee huyo alikuwa pia baba wa mchumba wangu, ambaye hapa nitamwita Kemunto ingawa silo jina lake. Ng'ombe walikwisha kupokewa. Ilibaki ndoa ya kanisani, baada ya mkutano.

Katika duka la Mhindi mmoja ambaye mji wote humwita Bhai, tulionyeshwa spika za aina mbili. Za kwanza zilikuwa na uso wa chuma kinachong'aa. Za pili zilikuwa masanduku ya kijivu yasiyo na urembo. Mzee alifungua mkoba wake, akatoa santuri ya kwaya ya ng'ambo iliyofungwa kwa taulo kama mtoto mchanga, akamkabidhi Bhai kwa mikono miwili.

Kwaya iliimba vizuri kwenye zote. Mzee alifumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Basi. Tuchukue zile zinazong'aa. Hata mgeni akija ataona kanisa lina kitu."

"Bado, Mzee," nikamwambia. "Kwaya hii hatuijui. Hatujawahi kukaa nao chumba kimoja."

"Utakaa nao mbinguni," akajibu, na Bhai akacheka mpaka akashika meza.

Nikamuuliza Bhai kama ana santuri ya obokano. Akainama chini ya kaunta. "Iko. Hii nauza mingi kushinda ya kanisa. Mzee asikasirike, mimi nafanya biashara tu."

Akaiweka kwenye zile za kijivu. Ndugu msomaji, uzi mnene ulipoguswa nilijiona niko nyumbani kwa Tata. Nilisikia kidole kikiuacha uzi. Nilisikia mpigaji akivuta pumzi kabla ya kuimba. Bhai akakimbia kuinua sindano.

"Santuri imeharibika, mwalimu. Nakwaruza."

"Haijaharibika, Bhai. Uzi mnene wa obokano ndivyo unavyosema. Sasa weka kwenye zile zinazong'aa."

Huko uzi mnene ulipotea, na mahali pake ule uso wa chuma ukaanza kutetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Kwaya ilikuwa imeuficha ugonjwa huo. Obokano uliufichua. Mimi niliyejua ni mkwaruzo upi ulio wa chombo na upi ulio wa spika, nilikuwa na jibu langu.

Lakini mlango wa duka ulikuwa wazi. Wanawake waliokuwa wakipeleka ndizi sokoni walisimama barazani, na mmoja aliutua mkungu wake akatikisa mabega. "Bhai, ongeza kidogo," akasema. "Leo umepata akili." Mzee alichukua kofia yake, akavuka barabara, akasimama upande wa pili akitupa mgongo.

Tulinunua za kijivu. Njiani kurudi Mzee alisema neno moja tu: "Umesoma sana, mwalimu." Nami, kwa ujinga wangu, nikadhani amenisifu.

Kamati iliniita kabla ya mkutano. Nikaambiwa kwamba spika za kanisa zimefunguliwa kwa wimbo wa pombe, na kwamba habari imekwisha kufika hadi Mosocho.

"Kibuyu hujaribiwa kwa maji," nilisema, "hata kama kitatiwa maziwa."

"Hatukukuita kututegea vitendawili," akasema Mzee.

"Basi nitasema wazi. Kama spika zimenajisika, zirudisheni Kisii. Kama ni nzuri, mtihani uliozichagua ulikuwa mzuri."

Walitazamana. Hakuna aliyetaka zirudi Kisii. Wote walikuwa wamezisikia zikijaribiwa uwanjani. Mwishowe Mzee akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, "Hatusemi spika ni mbaya. Tunasema wewe utubu, mbele ya mkutano. Hapa hakuna ndoa madhabahuni kwa mtu aliye chini ya adhabu. Hata akiwa mwalimu. Hata akiwa mkwe wangu."

Nilimwendea Kemunto, nikamkuta akichuma chai. Hakuacha kuchuma.

"Baba alisikia tofauti," aliniambia. "Alitueleza mwenyewe tukila. Alisema zile nyingine zilitetemeka kama sufuria."

"Basi kwa nini ananifanyia hivi?"

"Kwa sababu alipooa, kabla ya kubatizwa, alipigiwa obokano. Na alicheza. Mama anasema alicheza mpaka viatu vya kuazima vikachanika." Akatupa majani kwenye kikapu mgongoni. "Mimi sikuombi utubu, wala sikuombi usitubu. Ila ukitubu, tubu ulichokifanya tu. Usiongeze."

Niliongeza.

Hapa ndipo penye kosa langu, na sitafuti pa kujificha. Siku ya mkutano nilipanga kusema maneno machache: kwamba nilipiga muziki ule dukani, kwamba uliwaudhi ndugu zangu, kwamba nasikitika kuwaudhi. Ningesema hayo na kushuka, nisingekuwa nimesema uongo. Lakini nilipoanza, sauti yangu ilitoka katika spika zile, ikavuka kijito, ikanirudia kutoka kilima cha pili ikiwa safi kama ilivyotoka kinywani. Sikuwahi kujisikia hivyo. Watu walikuwa kimya mteremko mzima. Akina mama walikuwa wakitikisa vichwa. Nikaipenda sauti yangu.

Nikasema obokano ni chombo cha shetani. Nikasema wanaoupiga ni watumwa wa chungu cha pombe. Nikasema, na haya nayaandika kwa mkono unaokataa kuyaandika, kwamba wanalisha watoto wao kwa jasho la dhambi.

Mkutano ukasema amina. Mzee alinikumbatia. Nilishuka nikiwa mtu safi, mkwe mteule, msemaji hodari.

Nyumba ya Tata iko kwenye kilima kile cha pili. Yeye haendi kanisani, ndiyo sababu sikumfikiria. Na spika zile nilizielekeza huko mimi mwenyewe, ili walio nyuma wasikose neno.

Mkutano ulipoisha nilivuka kwenda kumwamkia, kama nilivyozoea kila siku ya ibada. Nilimkuta nje kwenye kigoda chake. Obokano ulikuwa umelala mbele yake, naye alikuwa akifungua nyuzi, mmoja baada ya mwingine, akizizungusha kidoleni kama mtu anayekunja kamba ya ng'ombe aliyeuzwa. Mama mkubwa, mke wa Tata, aliniletea uji wa wimbi kama siku zote. Hakuniangalia.

"Karibu, mwalimu," alisema Tata.

Tangu nikiwa mdogo Tata huniita omwana one, mwanangu. Hakuwahi kuniita mwalimu. Nikautua ule uji chini.

"Spika zenu ni nzuri," akaendelea. "Nimesikia kila neno. Hata pale ulipovuta pumzi, nimesikia."

Akafungua uzi wa mwisho.

"Mlizichaguaje?"

"Kwa obokano, Tata," nikasema. "Nilizipima kwa obokano. Hakuna kitu kingine ninachokijua sauti yake kama hicho."

Akauangalia uzi aliokuwa nao mkononi, ule mnene. "Hilo sikulisikia. Ama ulilisema, upepo ukalichukua?"

"Sikulisema."

"Mimi nami nimeona hivyo," akasema. "Leo hakuna upepo."

Nyuzi zile alimpa mpigaji mmoja wa Magwagwa. Tangu siku ile watu wamekuja kumwita kwenye sherehe zao naye amewajibu kwamba kazi hiyo ameiacha, mwanawe amesoma. Bakuli la obokano, lililovuliwa ngozi yake, sasa linatagiwa na kuku wa mama mkubwa. Kila niendapo namkuta yule kuku ameatamia ada yangu ya shule.

Sasa nisemeje? Kuna watakaosema, nyamaza, oa, mambo yatasahaulika. Sitanyamaza. Nilirudi kwenye kamati, nikaomba nipewe maikrofoni kwa muda ule ule niliopewa siku ya kutubu, ili niseme neno lililobaki. Walikataa. Mmoja akaniambia maikrofoni ni ya neno la Mungu. Nikamuuliza: siku ile nilipomtukana aliyenilisha, lilikuwa neno la nani? Akasema nimekuwa na kiburi. Mzee alikuwa akiangalia viatu vyake.

Kwa hiyo natangua toba yangu hapa gazetini, mbele yenu wasomaji. Obokano si chombo cha shetani. Ni mti na ngozi, na mkono wa mtu mwaminifu. Jasho lililonilisha lilikuwa safi kuliko amina niliyoitikiwa. Namwamini Mungu kama nilivyomwamini jana, na kwa sababu namwamini siwezi kumwachia uongo wangu madhabahuni pake ukae kama sadaka. Kama wazee wanaona mtihani wa duka la Bhai ulikuwa dhambi, spika zile zipo, na barabara ya Kisii ipo. Wazirudishe. Mpaka watakapozirudisha, kila hubiri litakalosikika vizuri kilimani kwetu litakuwa linanishuhudia.

Sijaandika jina langu, lakini watu wa kilima chetu watanijua. Wanijue. Ndoa yangu haitafungwa katika kanisa lile baada ya maneno haya, hilo nalifahamu. Kemunto ameyasoma kabla sijayatuma. Alifuta sentensi moja ambamo nilikuwa nimejisifu, akanirudishia. "Ng'ombe wa Tata wamekwisha kuzaa kwetu," alisema. "Mimi siwezi kujifanya hawatoki kwa obokano."

Kijana mwenzangu uliyesoma, usije ukadanganywa na sauti yako mwenyewe ikikurudia tamu. Ukitakiwa kutubu, jiulize kwanza umekosa nini, utubu hicho na usizidishe hata neno moja la kuwapendeza wanaokusikiliza, kwa sababu lile la kuzidisha ndilo litakalovuka kijito na kuingia katika nyumba ambayo hukuifikiria. Na ukipewa maikrofoni, uliza kwanza spika zimeelekezwa kwa nani.

Jana nilimsomea Tata karatasi hizi, uani kwake, kwa mdomo wangu mtupu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika tama. Kuku alishuka kutoka bakulini akapita kati yetu. Nilipomaliza nilingoja aniite kwa jina langu la zamani. Hakuniita.

"Umesema vizuri," alisema. "Lakini kule ng'ambo ya kijito hawajasikia."

Ndiyo maana nayatuma.