Dereva wa Zimamoto Aliyerudi na Dagaa

Marehemu mume wangu, Wilbroad Mutalemwa, aliishi hapa ughaibuni, Irving, miaka tisa akisukuma viti vya wagonjwa uwanja wa ndege, shati lake limepigwa pasi kila siku. Wachache walijua kwamba kwetu Bukoba alikuwa dereva wa gari la zimamoto. Alipofariki mwaka 2017 hakuacha mali ya kutajwa. Aliacha jina, na mlinzi wake ni mimi.

Ndiyo maana mwaka 2019, vijana wetu wa Kitanzania walipotengeneza filamu ya Vita vya Kagera kwa sherehe ya Uhuru, nilikwenda kwenye mazoezi. Mtunzi alikuwa Elibariki, mwanafunzi wa chuo. Katika onyesho lake ndege zinaangusha mabomu, ghala linawaka, na dereva wa zimamoto anawasha gari anautoroka mji.

"Futa hapo," nilimwambia.

"Shikamoo, mama. Hiyo ni historia, siwezi ku-delete. Babu aliliona gari likiondoka, kwa macho yake."

"Liliondoka, mwanangu. Maji ya mji yalikuwa yamekatika. Mume wangu alikwenda ziwani kujaza tangi, akarudi."

Aliinamisha kichwa kwa adabu, lakini hakuniamini. Mjane angesema nini kingine?

Mzee Modestus, aliyekuwa fundi cherehani huko Bukoba, alikuwa pembeni akimpima mwigizaji sare. Akaangua kicheko.

"Babu yako tunamjua kwa mbio! Gari lilimpita yuko mbele ya wote, godoro kichwani. Angeonaje likirudi? Mimi nilibaki na cherehani yangu, mlango wa pili kutoka ghalani. Yule bwana alirudi, akamwaga maji, na dagaa wakamwagika juu ya bati langu! Ndege zikapita tena, mpira wa maji hakuuachia. Moto ulipozimika niliokota dagaa nikakaanga. Bomba la mji lina dagaa?"

Ukumbi ulicheka. Elibariki akanigeukia.

"Mama, mbona habari ya dagaa hukuisema?"

Nilikuwa nimeificha miaka arobaini. Niliifua sare yake ya siku ile mara tatu na shombo haikutoka, nikaona hadithi ya samaki inamshushia mume wangu heshima.

"Sasa imesemwa," nilijibu. "Iandike. Na jina lake liwe kamili."

Filamu ilionyeshwa Desemba. Gari likaondoka, watu wakazomea. Likarudi, na dagaa walionunuliwa duka la Waafrika wakaruka kutoka kwenye mpira hadi juu ya bati. Watu walicheka mpaka machozi. Kisha jina likatokea kwenye pazia: Wilbroad Mutalemwa, dereva wa zimamoto, Bukoba.

Ukumbi mzima ulisimama. Mimi nilibaki nimeketi, mikono mapajani. Waliopaswa kusimama ni wao waliomzomea.