Mbavu za Dengu

Bezabih alikuwa na bucha kwenye barabara ya soko pale Debre Birhan kwa miaka ishirini na sita, na miaka yote hiyo hakujua la kufanya Kwaresma ikifika. Mifungo ya Jumatano na Ijumaa ya kila wiki alishaizoea. Siku ya mfungo ikipita, kesho yake wateja wanarudi na uchu maradufu. Lakini siku hamsini na tano mfululizo bila nyama, bila siagi, bila yai! Alikuwa akifunga bucha kwa kufuli, ananoa visu ambavyo havikuwa butu, anapaka rangi mlango aliokuwa ameupaka mwaka jana, halafu anahamia nyumbani kumsumbua mkewe. Yeshimebet alikuwa na usemi wake kwa majirani: wanawake wengine Kwaresma hufunga tu, yeye hufunga na kufungiwa ndani na mume.

Mwaka huu, wiki ya nne ya mfungo, zilikuja habari kutoka Sheno. Ato Demissew, yaani Bwana Demissew, mfanyabiashara wa nafaka ambaye mwanawe angemwoa binti yao Emebet baada ya Pasaka, alituma ujumbe kwamba Jumapili angekuja yeye mwenyewe kuwaona wakwe zake. Angekuja na mama yake mzazi, Emahoy Zenebech, mtawa mzee aliyevaa kofia ya njano na asiyeona, macho yake yalikuwa yamebaki ya kuelekezea uso tu. Watu wa Sheno walisema Ato Demissew hamhukumu mtu kwa maneno yake wala kwa nguo zake. Anamhukumu kwa sinia.

Bezabih alishika kichwa. Mtu mwenye bucha anapokea wakwe kwa mara ya kwanza, halafu anawawekea nini mezani? Adesi? Alizunguka uani akijiuliza kwa sauti kwa nini watu hawa hawakungoja hata wiki nne, awachinjie dume zima. Yeshimebet alimwambia aache kumfundisha Mungu kalenda, chakula cha mfungo kikipikwa na mtu anayejua kinampita ng'ombe wako, na yeye anajua.

Alijua kweli. Ila Alhamisi asubuhi alipanda kigoda kushusha mfuniko wa kikaango cha injera, ule mkate mpana wa kila mlo, kigoda kikaenda huku na yeye akaenda kule. Fundi wa mifupa alimkanda kifundo cha mkono wa kulia, akakifunga kwa vijiti na kitambaa, akamkataza kushika hata kijiko kwa wiki mbili.

Alibaki Emebet. Emebet alikuwa mwalimu mzuri wa hesabu na injera yake ilitoka laini yenye vitundu vingi kama inavyotakiwa, lakini mchuzi wake, hata mama yake aliyempenda kuliko roho yake aliuita maji ya moto yenye rangi. Familia ilikaa sebuleni kama iliyofiwa.

"Nitapika mimi," Bezabih akasema.

Yeshimebet alimgeukia. "Wewe ambaye juzi uliniuliza chumvi inakaa wapi?"

"Nimeshajua inakokaa."

Hapakuwa na njia nyingine, na Yeshimebet akajua hivyo. Siku ya Ijumaa akawekewa kiti katikati ya jiko, mkono umening'inia shingoni, akaanza kutawala. Kitu cha kwanza alichomfundisha mumewe ni kitunguu. Kitunguu cha mfungo, alisema, hakina siagi ya kumfichia aibu mpishi. Unakikata kidogo kidogo, unakitia chunguni kikavu bila tone la mafuta, unakikoroga mpaka kitoe maji yake chenyewe, kisha kiyanywe tena, kisha kigeuke rangi ya asali. Hapo ndipo mafuta kidogo, hapo ndipo berbere, ile pilipili nyekundu iliyosagwa na viungo, na berbere nayo inataka subira; ukiiharakisha inakuwa chungu, kama mtu yeyote.

Bezabih alikata vitunguu sitini. Mkono ulikuwa wa mchinjaji, vikatoka vyembamba kama karatasi, na machozi yalimtiririka mpaka kwenye masharubu. Jirani mmoja alichungulia dirishani, akamwona Bezabih wa bucha amevaa aproni ya mkewe analia juu ya chungu, akaenda zake bila kusalimia.

Na hapo ndipo kilipomtokea kitu ambacho hakukitarajia. Alifurahi. Aliponusa vitunguu vikigeuka rangi alianza kuimba kwa pua. Alisaga kitunguu saumu na tangawizi, akapika adesi nyekundu mpaka zikapoteza umbo, akapika shiro, uji mzito wa unga wa dengu, ikatokota kwa kishindo kama tope la chemchemi, akamenya viazi vyekundu mikono ikawa nyekundu kama siku ya kuchinja ya sikukuu. Sukuma wiki aliikata, akaikaanga na pilipili mbichi nzimanzima. Mbegu za alizeti alizichemsha, akaziponda, akazikamua maziwa yake meupe ya kulowekea vipande vya injera. Kila dakika tano alimpelekea mkewe kijiko mdomoni aonje, na Yeshimebet, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kulishwa kitu na mtu huyu isipokuwa siku ya harusi, alianza kukosoa hata visivyo na kosa ili kijiko kirudi.

Jumamosi wakafika kwenye samaki. Ni chakula cha heshima cha Kwaresma, na samaki hamna ndani yake: unga wa dengu unakandwa kwa mafuta, maji, chumvi na berbere, unasukumwa, unakatwa maumbo ya visamaki, unakaangwa ukakauka, kisha unatiwa kwenye mchuzi mzito wa vitunguu ukaunyonya mpaka ukalainika. Yeshimebet alieleza yote hayo, kisha akaenda kujilaza kidogo, mkono ulikuwa unampwita.

Bezabih alibaki na donge la dengu, jekundu, gumu kiasi, limetulia juu ya ubao. Akachukua kisu. Akajaribu kukata samaki, akapata kitu kama kiatu. Akajaribu tena. Ukweli ni kwamba katika maisha yake alikuwa hajawahi kushika samaki. Debre Birhan iko juu milimani na maji yake ya karibu ni ya kufulia. Lakini donge lile alilijua. Mkono ulilijua kabla yake. Akalipindua, akalipiga kofi, kisu kikaingia, na kilichotoka kilikuwa kipande cha sarara, ile nyama laini ya mgongoni, kimekaa sawasawa. Akacheka peke yake. Akakata kingine. Akakata kidari, akakata bega. Kufika kwenye mbavu alikuwa ameshapagawa: alichonga vijiti vya karoti nyeupe kutoka bustani ya jirani, akavichomeka kuwa mifupa, akachora mistari ya mafuta kwa unga mweupe uliolainishwa kwa maji. Emebet aliporudi na kuni alisimama mlangoni.

"Baba," alisema, "nakuomba. Siku moja tu usiwe mwenye bucha."

"Ukila utanishukuru," Bezabih akamjibu, akifunika sufuria.

Jumapili, baada ya ibada, wageni waliingia. Ato Demissew alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, na alimshika mama yake mkono mpaka akamketisha. Abba Zewdu, kasisi wa toba wa familia ya Bezabih, alikuja kubariki chakula. Maji ya kunawa yalizungushwa, pombe ya shayiri ikamiminwa, Emebet akainamisha kichwa jinsi inavyotakiwa. Sinia ikaja, pana kama gurudumu, injera imetandazwa, na juu yake rangi zote: njano, kijani, zambarau, kahawia, nyekundu. Ato Demissew alitoa mguno mdogo wa mtu aliyeanza kushawishika.

Ndipo Bezabih mwenyewe akaleta sufuria, akafunua, na katikati ya sinia akapanga mbavu. Mchuzi uling'aa. Mifupa ilitokeza. Mvuke ukapanda.

Abba Zewdu alikuwa ameinua mkono kubariki. Mkono ulibaki hewani.

Yeshimebet, aliyekuwa akiona kitoweo kile kwa mara ya kwanza, alitafuta mguu wa mumewe, akaukanyaga kwa uzito wake wote. Bezabih alianza kueleza kwamba ni dengu, dengu tupu, lakini jinsi alivyokuwa akieleza ndivyo alivyozidi kufanana na mtu anayedanganya. Mwenye bucha akiapa kwamba hii si nyama, nani atamwamini? Kicheko cha woga kilimpanda kooni, akajaribu kukimeza, kikamtokea puani.

"Ato Bezabih," Demissew akasema kwa ile sauti yake ndogo, "unatupima imani, au unatucheka?"

Emebet alikuwa ameshafumba macho. Harusi aliiona inatoka mlangoni, inapanda basi, inarudi Sheno.

Ndipo kulisikika mtu anatafuna. Emahoy Zenebech, ambaye hakuwa ameona sinia, wala mbavu, wala mkono wa kasisi, alikuwa ameshika alichonusa, akamega kwa injera, akala. Sasa alikuwa akipapasa kutafuta kingine.

"Mama, acha," Demissew akamshika kiganja. "Hiyo ni nyama."

"Nyama?" Bibi aligeuza uso kuelekea alikodhani kuna watu. "Mwanangu, mimi nimebakiwa na meno mawili, na hayaonani. Ingekuwa nyama, Pasaka ingenikuta bado naitafuna. Hii ni dengu, na aliyeipika anajua kitunguu. Niachie mkono wangu."

Abba Zewdu alishusha mkono wake polepole, akachukua ubavu mmoja, akauvunja katikati. Ndani ulikuwa unga tupu, hakuna hata uzi mmoja wa nyama. Akalamba kidole. Akautazama mfupa, akauuma, mfupa ukasema kra, akatafuna akifikiri. "Karoti," alitangaza, kwa sauti ile ile anayosomea Injili.

Basi walicheka. Demissew alicheka mpaka mkufu wa msalaba ukamrukia begani, Yeshimebet alicheka akishikilia mkono wake unaouma, Emebet alicheka na kulia pamoja, na bibi aliuliza mara tatu wanacheka nini, na kila walipoanza kumweleza wakashindwa. Kisha wakala. Demissew alimega tonge kubwa la sarara akamlisha Bezabih kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kuwa tonge moja huleta ugomvi, akamlisha la pili, na la tatu la kuimarisha undugu. Hapakubaki kitu kwenye sinia isipokuwa ile injera ya chini iliyolowa michuzi yote, na hiyo waliigombania.

Kasisi hakumwacha Bezabih hivi hivi. Kabla ya kahawa alisema kwamba dhambi haipo, ila kuna kasisi aliyetishwa akiwa na mkono hewani, na hilo nalo lina malipo yake: kusujudu mara arobaini, hapo hapo, mbele ya picha ya Bikira Maria ukutani. Bezabih, tumbo limejaa, akaanza. Demissew alijitolea kuhesabu. Alihesabu vizuri mpaka ishirini na tisa, kisha akapiga chafya, akaanza tena kumi na nane, na Emebet mwalimu wa hesabu hakumsahihisha.

Wakwe waliondoka jioni wakiwa wamekubaliana siku ya harusi. Habari za mbavu ziliondoka nao, nyingine zikabaki mjini, na Jumanne watu walikuwa wamejipanga mbele ya mlango wa bucha uliofungwa, wamebeba mabakuli. Bezabih aliutazama mstari ule kutoka ng'ambo ya barabara, akaenda kutafuta ufunguo.

Alikanda na kukaanga humo humo buchani, akauza dengu kwa kipande, mchana kutwa, akiimba kwa pua. Saa kumi alirudi mzee Ashagre, mteja wake wa tangu siku ya kwanza, akiwa na bakuli lake mkononi na kifurushi kimefunguliwa. Alikiweka kwenye kaunta kwa hasira.

"Miaka ishirini na sita," alisema, "kila nikiomba sarara, unanipa shingo. Na leo tena."

Bezabih aliinama, akakichunguza kipande kile cha dengu upande huu na upande ule. Ilikuwa shingo kweli. Akaomba radhi, akachukua kisu, akamkatia sarara.