Ufunguo wa Jiko Mwezi wa Ramadhani

Nakumbuka asubuhi moja ya Ramadhani, hapa hapa Kamembe, nilipofunga mlango wa jiko kwa ufunguo, nikaufundika ufunguo huo kwenye pindo la kitenge changu, nikajiona nimeitetea dini ya Mungu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kichwa kilikuwa kigumu na akili bado changa, na huo ni mchanganyiko mbaya, mwanangu.

Jana uliniambia unataka kupangisha vyumba vya nyuma kwa wasafiri wa Bukavu, ukanisomea kwenye simu sheria zako za jiko. Zilikuwa kumi na nne. Nilinyamaza, ukadhani mtandao umekatika, ukaita "alo, alo". Haukukatika. Nilikuwa namkumbuka Maman Neema.

Wakati ule nilikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Maman Hadija. Alipangisha vyumba vitatu uani, na jiko lilikuwa moja tu, la wenyeji na wapangaji. Mwaka huo dada yake aliugua huko Bukavu, upande wa Kongo, naye akavuka mpaka kwenda kumuuguza. Alipoondoka alinipa ufunguo, akasema, "Ile jiko, uiangalie muzuri." Hakuongeza neno. Nami nilidhani kuangalia jiko ni kulinda masufuria.

Wapangaji wawili walikuwa wanaume wachuuzi. Walitoka alfajiri kwenda mpakani, wakala huko huko. Wa tatu alikuwa Maman Neema, Mkristo, Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Kongo. Alikuwa amerudi Rwanda na mtoto mchanga wa miezi minne, na mume wake alikuwa kijijini Gashonga akiwajengea kibanda cha kuanzia maisha. Alikuwa mpole, mwenye sauti ndogo, na ukimpa maji ya kunywa anakushukuru mara tatu.

Basi Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza, saa sita mchana, Maman Neema aliwasha mbabula yake ya makaa akakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwa kitunguu na nyanya. Wewe unazijua sambaza za Nkanka zikiingia kwenye mafuta. Harufu ilinifuata chumbani, ikanifuata kwenye mkeka wa swala, nikasahau nimefika rakaa ya ngapi. Nilipomaliza nilikuwa na hasira, na hasira yangu nikaiita heshima ya mfungo. Nilimwendea pale pale.

"Maman Neema, huu ni mwezi yetu ya kufunga. Kuanzia kesho jiko haitafunguliwa muchana. Kila muntu atapika magharibi."

Aliinua macho, akamtengeneza mtoto mgongoni. "Aksanti ya kuniambia, Maman. Miye niko mugeni, nitafuata tu vile munafanya."

Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ile niliifunga mimi, na wala sikuangalia kama inambana. Siku zilizofuata nilifunga jiko alfajiri, nikalifungua jua likizama. Jirani zangu walinisifu, kwamba nyumba yetu sasa ni nyumba ya Waislamu kweli, nikavimba kichwa. Sifa ni tamu, mwanangu, hata mtu aliyefunga huimeza bila kujua.

Siku ya nne au ya tano mtoto alianza kulia. Kwanza ilikuwa jioni, halafu mchana kutwa. Unajua ninavyoona aibu kukuambia hili: nilifunga dirisha. Nilisema moyoni, huyu mwanamke hajui kubembeleza. Sikumwuliza anakula nini. Kumbe yeye alielewa kwamba kula chochote ndani ya ua ule, hata ndizi, ni kututukana sisi tunaofunga. Kwa hiyo alikaa na njaa tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi, halafu akala kidogo, harakaharaka, kabla sijafunga jiko na kulala. Daku tulikula sisi peke yetu. Mwanamke anayenyonyesha, Mkristo, amefungishwa Ramadhani na msichana wa miaka ishirini na mmoja.

Siku ya nane mama mkwe alirudi. Alipanda kwa miguu kutoka mpakani, saa saba mchana, furushi kichwani, midomo imekauka kwa saumu. Nilikimbia kumpokea. Hakunipa hata mkono. Alikuwa amesimama katikati ya ua, anasikiliza.

"Ule mutoto analia njaa," alisema.

Aliingia kwa Maman Neema bila kuvua viatu. Alimchukua mtoto, akamtia kidole mdomoni, akaona anavyokivuta. Kisha akamtazama mama.

"Leo umekula nini?"

"Bado, Maman. Muko mu mufungo. Nitakula na nyinyi magharibi."

"Na maziwa?"

Maman Neema alitikisa kichwa. Alijifunika uso kwa kitenge, akalia.

Mama mkwe alitoka akanyoosha kiganja mbele yangu. Nilifundua ufunguo kwenye pindo, na vidole vyangu vilikuwa vinachelewa makusudi. Alifungua jiko, akawasha makaa mwenyewe, akaniamuru nipulize. Yeye amefunga, mimi nimefunga, tumeinamia moshi saa nane ya mchana. Alipika uji wa mtama kwa maziwa, kisha akabandika sambaza kwa nyanya nyingi ziwe na mchuzi. Alipofika kwenye chumvi alimwita Maman Neema, akamnyooshea mwiko.

"Onja, binti yangu. Miye siwezi kuonja, niko nafunga. Chumvi imetosha?"

Maman Neema alionja. Akasema imetosha. Wakaangaliana wale wawili, na mimi nikawa sina pa kuweka macho.

Ndipo aliponigeukia, wala hakupaza sauti. "Mungu mwenyewe alimuruhusu mama mwenye kunyonyesha asifunge, hata akiwa Muislamu. Weye umemukatalia Mukristo. Hiyo ruhusa ya Mungu, weye ulinyanganya kwa amri ya nani?"

Mwanangu, nimegombezwa mara nyingi maishani, na mara nyingine nilistahili zaidi ya nilichopata. Lakini neno lile halijanitoka.

Usidhani mambo yalinyooka siku ile ile. Maziwa hayarudi kwa kuitwa. Mtoto alishika titi, akaachia, akalia. Siku mbili nzima nilimpelekea mama yake uji, asubuhi, mchana na jioni, na kila nikipita mlangoni nilisikia kilio nikamwomba Mungu asinihesabie kosa langu kwa kiumbe yule. Niliogopa kweli. Siku ya tatu asubuhi kulikuwa kimya. Nilichungulia nikaona mtoto amelala ubavuni mwa mama yake, maziwa yamemchuruzika shavuni. Nilikaa chini pale kizingitini nikalia kwa sauti.

Nilimwomba msamaha. Akanishika mkono. "Hata miye ningesema, Maman. Niliogopa tu."

Aliogopa, mwanangu! Ndani ya nyumba yetu mtu aliogopa kuomba chakula. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone walisema kweli, kwa sababu aliyekuwa anaumwa pale ni mimi.

Sasa nikuambie la moyoni. Sikukatazi kuweka sheria. Jiko lisilo na sheria ni ugomvi mtupu, na mama mkwe wangu alikuwa nazo: sufuria ioshwe siku hiyo hiyo, moto uzimwe kabla ya kulala, nguruwe asiingie kwenye vyombo vyetu. Lakini hiyo ya nguruwe aliisema mlangoni, mgeni hajashusha mzigo, kwa uso mkunjufu, ili asiyeiweza achague pengine bila kuaibika. Wewe chukua kila sheria uliyoandika uiulize inamlinda nani. Kama inalinda nyumba isiungue au tumbo lisiugue, iache. Kama inalinda pua yako, au sifa zako kwa majirani, ifute. Saumu yako ifunge mwenyewe. Na kabla hujamwambia mgeni usilotaka, mwulize anachohitaji: ana mtoto, ana mimba, ana dawa anayomeza na chakula? Mgeni hatasema mwenyewe. Akikujibu "haina shida", mwulize tena, maana hilo ndilo neno la mtu mwenye shida.

Mungu akubarikie vyumba vyako na jiko lako, mwanangu. Akupe wageni wema, na akupe masikio ya kuwasikia kabla hawajalia. Asiwepo hata mmoja atakayelala na njaa chini ya bati lako kwa kukuogopa wewe. Amina.