Kitabu Kilichomsahau Mama

Enzi zetu za Matonge, mtaa wa Wakongo kule Ixelles, Brussels, kusuka nywele kulikula siku nzima, na simu zetu hazikuwa na cha kutazama. Mliokulia Ixelles mnaikumbuka harufu ya rasta zikichovywa kwenye maji ya moto, na redio ya Kilingala isiyozimwa. Kwetu kulikuwa na desturi: mama akisukwa, sisi tulimsimulia kwa Kiswahili kitabu tulichokuwa tukikisoma kwa Kifaransa. Alitoka Bukavu na aliogopa lugha itatupotea. "Mukisahau Kiswahili, mutanililia na luga gani?"

Mwaka mmoja mimi na kaka yangu Joël tuliisubiri kwa hamu riwaya ya vijana kuhusu bendi ya wavulana, wawili kati yao wakipendana kwa siri. Ukuta wa chumba chetu ulijaa picha za bendi za namna hiyo. Mimi peke yangu nilijua kwa nini Joël aliingoja: naye alipenda wavulana, akataka kujua mtu humwambiaje mama yake.

Kitabu kilituangusha. Hoteli, ndege, mabusu. Mwishoni wanashikana mikono jukwaani, uwanja mzima unapiga makofi, basi.

"Sasa mimi uwanja nitautoa wapi?" Joël aliniuliza.

Jumamosi, katika saluni ya Galerie d'Ixelles, ilikuwa zamu yake kusimulia. Nilidhani Joël angemgeuza mmoja wa wale wavulana kuwa msichana. Hakumgeuza. Maman Clarisse, msusi wetu, alisimamisha kitana hewani.

"Eh! Vijana wawili? Joël, ni vitabu gani hivi?"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, hatukuuona uso wake. Hadithi ilipokwisha, akauliza, "Na mama ya ule mutoto, iko wapi?"

"Haiko mu kitabu, maman."

"Bon, ule mwandishi hajui kazi. Mutoto anabeba mambo yote ile, na mama yake hamuulize hata kama amekula?"

Saluni nzima ilicheka. Joël hakucheka.

"Angemuuliza, mutoto angejibu nini?"

"Angekula kwanza. Kisha angesema."

Jioni ile Joël alimaliza sahani ya ugali na sombe, kisamvu cha kwetu, kisha akasema. Mama hakupiga makofi. Alilia, akakaa wiki kadhaa akibishana na Mungu kwa sauti chumbani mwake. Lakini chakula cha Joël hakikukosekana mezani hata siku moja.

Leo binti yangu ana rafu nzima ya vitabu vya aina ile, vingi bora kuliko chetu. Anasukwa huku ameziba masikio kwa muziki. Nikimuuliza hadithi inahusu nini, ananitumia picha ya jalada, ilhali tumekaa kiti kwa kiti. Nafurahi kwamba hana haja ya kungoja kama tulivyongoja. Ila kitabu kikimwangusha, anakifunga kimyakimya na kufungua kingine, na hakuna anayejua alikuwa anatafuta nini ndani yake.