Chanya Aliyoichinjia Kuku

Pale stendi ya mabasi ya Francistown, asiyemjua MmaOnalenna kwa magwinya, maandazi ya kwao, anayokaanga humjua kwa kicheko. Mjane mnene wa haja, moyo mweupe. Alipoambiwa majibu ya kinyama alichokatwa kwenye titi ni chanya, alipiga vigelegele palepale, akamkumbatia daktari, akatoka mbio kabla kijana wa watu hajafumbua tena mdomo. Jioni akachinja kuku. Mdogo wake, Segametsi, akacheza mpaka kilemba kikamdondoka.

Asubuhi muuguzi Goitsemang akamfuata stendi, akamvuta pembeni.

"Mama, jana umemkimbia daktari."

"Furaha, mwanangu! Kwani chanya si nzuri?"

Goitsemang akashusha pumzi. "Kwetu sisi, chanya maana yake kilichotafutwa kimeonekana. Ni saratani, mama."

MmaOnalenna aligeuka. Akarudi kwenye karai, akaipua magwinya yaliyoanza kuungua.

"Lugha gani hiyo, ya wachawi?" akasema hatimaye. "Na kuku wangu je?"

Wakacheka wote wawili huku machozi yanawatoka.

Tangu siku hiyo aliapa kwamba neno halimpiti bila kuulizwa. Daktari alipotaja hatua ya pili, alimdaka: "Kati ya ngapi?"

"Nne, mama. Haijasambaa mbali."

"Hapo sawa. Endelea."

Akafanyiwa upasuaji, kisha akatundikiwa dripu za dawa, nywele zikapukutika. Akataka kujua nywele zimekosa nini. Akajibiwa kwamba dawa ile hupiga chochote kinachokua haraka.

"Kumbe zangu zinakua haraka! Miaka yote hii mbona hamkunisifu?"

Wagonjwa wenzake wakaangua kicheko, na mmoja aliyekuwa akiogopa kuuliza, akauliza la kwake.

Baada ya matibabu kwisha na vipimo kurudiwa, daktari akasema ugonjwa umetulia.

"Umetulia kama mtoto aliyelala, au kama maiti?"

Kijana akafikiri. "Hatuuoni popote, mama. Lakini hatuapi kwamba umekufa. Utakuwa unakuja tukuchunguze."

"Nitakuja. Umesema vizuri."

Nje, Segametsi alikuwa amenunua mahindi ya kuchoma. Wakakaa kwenye ukuta wa hospitali, MmaOnalenna akimweleza mdogo wake neno kwa neno, mdomo umejaa, wala hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote.