Mlango Mweusi wa Nyumba ya Mchungaji

Kwenye mazishi yake, kule Walikale, walisimama wasemaji sita. Nilihesabu mara mbili, maana wa tatu na wa tano walisema maneno yale yale, nikadhani ni mtu mmoja amerudi kwa nyongeza. Wote sita walimsifu mchungaji, ambaye alikuwa hai, ameketi mbele na suti yake, akipokea sifa huku analia. Marehemu mwenyewe alipata sentensi moja kwa kila msemaji: alikuwa msaidizi mwema wa mumewe. Hata jembe lingesifiwa hivyo. Lilisaidia kulima.

Mimi sikupewa nafasi ya kusema. Ni Mkatoliki, ni mchuuzi, na ni mtu wa upande wa Butembo aliyekuja Mushaki kununua fromaji, ile jibini ya ng'ombe wa Masisi, akabaki. Sifa zote tatu hazimpandishi mtu jukwaani kwenye msiba wa Wamethodisti. Basi nilikaa nyuma, karibu na masufuria, nikitazama nyumba ya mchungaji ng'ambo ya uwanja. Mlango wake ulikuwa mweusi. Kueleza kwa nini mlango ule ulinizuia kusikiliza mahubiri, lazima nianzie Mushaki.

Mushaki tulipakana ua. Depo yangu ya fromaji huku, nyumba ya mchungaji kule, katikati miti michache ya kushikia waya. Sisi Wakatoliki padri wetu hana mke, kwa hiyo hatuijui ile biashara nzuri ya jirani zetu: wanaajiri mtu mmoja, wanapata wawili. Yule wa pili anafundisha kwaya, anawatembelea wagonjwa, analea watoto wake na wa wengine, na anapika kwa ajili ya wageni wa kanisa, ambao Mungu huwaongoza kufika wakati chungu kinaanza kutokota. Mimi nimebishana bei toka nikiwa mtoto na sijawahi kupata mapatano kama hayo.

Mama Pasta, ndivyo tulivyomwita marehemu, alikuwa mwalimu mwenye diplomu kabla ya kuolewa. Aliposhika ndoa, akashika pia safari. Kanisa lao halimwachi mchungaji azoee mahali. Kila mwaka wanakaa konferansi, askofu anasoma majina, na aliyesomwa anafunga godoro. Walikuwa wametoka Ngungu, wakapita Masisi yenyewe, wakaletwa kwetu. Kote alikopita alianzisha darasa la wanawake waliokosa shule, jioni wakitoka shambani. Na kote konferansi ilimtoa kabla darasa halijasimama, na darasa likafa nyuma yake. Aliniambia hilo siku moja ng'ambo ya ua, bila kulia, kama mtu anayekuhesabia mimba zilizoharibika.

Alipofika Mushaki aliomba komite ya kanisa imnunulie ubao. Komite iliomba Mungu kwanza, kama ilivyo desturi, na Mungu akawaelekeza kununua kiti cha kifahari cha mgeni wa heshima. Hakubishana. Alikusanya mawe ya redio, yaani betri, yaliyokufa, akayavunja, akatoa ule unga mweusi, akauponda pamoja na matembele mpaka ukawa uji. Akaupaka mlango wa mbele wa nyumba, upande wa nje, juu mpaka chini. Mlango ukifungwa, baraza ni shule. Chaki ikikosekana, kipande cha muhogo mkavu kiliandika vizuri tu.

Kuanzia hapo, darasa likianza, mlango haufunguliwi. Papa Pasta akitaka kutoka alipitia jikoni, njia ambayo wanaume wengi wa milima yetu wanaisikia kwa habari. Nilimwona nikampa pole. Akasema, "Mama, nimezoea. Humu ndani mimi njo mugeni." Huyo alikuwa mtu mwema, nisiseme uongo kwa sababu tu wasemaji wamemsifu kupita kiasi.

Mimi hasara ilinifikia pia. Wanawake walioniletea maziwa na maharage walianza kuinama mbele ya mizani yangu. "Ngoja kwanza, Mama Fromaji, nisome miye mwenyewe." Wanasoma kwa kidole, namba moja baada ya nyingine, na nyuma foleni inafika barabarani. Nilimwambia Mama Pasta elimu yake inanichelewesha. Akasema, "Weye unahesabu kila kitu mara mbili. Kwa nini bamama wasihesabu hata mara moja?"

Sasa, siku moja mwangalizi wa wilaya yao alifika kwa ziara wakati wa darasa. Baba wa mwili mkubwa, suti nyeusi. Akaegemea mlango kusubiri watu wamwone. Alipogeuka kuingia kanisani, mgongoni alikuwa na ba be bi, na bo kidogo, zimegeuka kama kwenye kioo. Alihubiri hivyo, na kila alipogeuka kuelekea kwaya, wanawake walisoma kwa sauti ya chini, kwa furaha ya watu waliojua kusoma tangu mwezi uliopita. Mwenyekiti wa komite, mzee wa ng'ombe wengi na subira haba, aliapa kwamba mlango ule utarudi buluu kama ulivyokuwa.

Konferansi ikamrahisishia. Lilisomwa jina la Papa Pasta: Walikale. Komite ikanunua mkebe wa rangi ya buluu siku ile ile. Kwa ubao walikuwa wamehitaji maombi. Rangi haikuhitaji.

Jioni Mama Pasta alikuja kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya; kwa kawaida tuliongea ua ukiwa katikati. Akakaa kwenye gunia la maharage.

"Mama Fromaji, weye unajua kubishana."

"Iko kazi yangu."

"Unibishaniye mulango."

Nilidhani anataka kuubeba. Hapana. Walikale kuna milango, alisema, na mawe ya redio hufa kila mahali. Alitaka huu ubaki Mushaki, ubaki mweusi, na ubaki mikononi mwa wanawake. Mmoja wao, mlimaji wa maharage, alikuwa tayari kufundisha wenzake. "Ile ya Ngungu ilikufa. Ile ya Masisi ilikufa. Hii nayo ikikufa, basi miye nilikuwa ninatembeza chaki tu." Nikaona kwamba huyu mwanamke, ambaye hajawahi kuniomba hata chumvi, ameweka maisha yake yote juu ya gunia langu.

Siku ya remizi na reprizi, yaani makabidhiano, komite ilikuja kuhesabu mali ya nyumba kabla mchungaji hajatoka. Niwape haki yao: wanahesabu vizuri. Vitanda, viti, mabeseni, taa. Mwenyekiti akafika mlangoni, mkebe wa rangi mkononi.

Nikamwambia, "Papa Mwenyekiti, hii mulango imeharibika. Buluu haitashika juu ya weusi. Miye niko na mulango ya depo, mbao nzuri, kufuli nzima, na iko buluu tayari. Chukueni yangu, munipe hii."

Akavuka ua mpaka kwenye depo. Akauzunguka mlango wangu, akaugonga, akanusa rangi. Akarudi.

"Hapana."

"Sababu gani? Yangu inashinda hii."

"Njo sababu. Mutu wa Butembo akikupa kitu kizuri bure, rudi nyumbani uangalie kama paa yako ingali huko."

Wazee wakacheka. Mama Pasta, amesimama na beseni la vyombo, hakucheka. Nami nikaelewa kosa langu. Nimetoa zawadi kwa mtu ambaye angenunua. Zawadi inatisha watu. Bei kali inawatuliza.

"Bon," nikasema. "Basi sitoe bure. Mutaniongezea mabenchi mbili."

Uso wake ukafunguka kama duka asubuhi. "Mabenchi mbili? Kwa mulango moja?"

"Na ule mkebe ya rangi."

"Weye mama, uko mwizi."

"Na beseni."

"Beseni haitoke. Benchi moja."

"Moja na rangi."

"Nusu ya rangi."

"Papa, nusu ya rangi nitaimimina mufukoni? Yote. Beseni nimekuachia."

Tulikwenda hivyo mpaka jua likahama baraza. Nilikasirika pale ilipohitajika, nikaondoka mara mbili, nikaitwa mara mbili. Mwishowe nikapata mlango mweusi, benchi moja na mkebe mzima wa rangi, na mwenyekiti akapata mlango wangu mzuri na ushindi. Aliwaambia wenzake, nikisikia, "Leo tumemushinda mwana wa Butembo." Mpaka leo anasimulia. Sijamsahihisha.

Depo haiwezi kulala wazi, kwa hiyo mlango mweusi ukawa mlango wangu, na baraza yangu ikawa shule. Nilifanya hesabu, nikarudia. Nilikuwa nimetoa mlango mzuri nikapata mbaya, na kundi la wanawake wanaosoma mizani yangu sasa walikuwa wanakaa papo hapo kwenye mizani. Faida: benchi, na rangi nisiyoihitaji.

Asubuhi ya kuondoka, pikipiki mbili zimekwisha fungwa mizigo, Mama Pasta alikuja kuuona umetundikwa. Nilisubiri asante. Alinyoosha mkono juu, akasema, "Umeutundika juu sana. Bamama wafupi hawatafika." Akasimama pale, wenye pikipiki wanalalamika, mpaka fundi akaushusha. Leo chini mlango unaburuza kidogo ukifunguliwa. Kila asubuhi unanikwaruzia sakafu, na kila asubuhi namjibu marehemu ipasavyo. Jioni wanawake wanakuja, na yule mlimaji wa maharage ni mkali kuliko yeye.

Ndiyo mlango huo. Sasa kule msibani, msemaji wa sita alipomaliza, chakula kikaja, na mwanamke mmoja wa Walikale aliyekuwa ananipakulia wali wa mawese akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Mushaki. Akaacha kijiko. "Kule kwenye mulango?"

"Kule kule."

Akanionyesha kwa kidevu. Mbele ya nyumba ya mchungaji walikuwa wamesimama wanaume wawili wa komite ya pale, sahani mkononi, wakiukagua mlango mweusi. Bado ulikuwa na maandishi, mstari mmoja na nusu, kwa mwandiko wake. Papa Pasta amefiwa, alinong'ona yule mama, na konferansi itamhamishia karibu na watoto wake. Mchungaji mpya anakuja. Na sisi darasa letu bado tuko kwenye silabi.

Nilimaliza wali, maana nauli ya kuja Walikale inajulikana, na kila barieri ya askari njiani nilikuwa nimebishana nayo. Nikanawa mikono. Nikavuka uwanja, nikamsalimu yule mkubwa wao kwa mikono miwili, nikampa pole nyingi, zote za kweli.

"Mulango yenu imechafuka hivi," nikasema.

"Eh, mama. Tutaipaka."

"Rangi mumeisha nunua?"

"Iko tayari."

Nikavuta kiti, na cha kwake nikakivuta pia.

"Bon, Papa," nikamwambia. "Tukae."