Mama Kesi wa Temeke

Nilikuwa bingwa wa sarakasi wa mkoa mzima, mie. Msinione hivi, magoti yanalia nikiinuka. Nilikuwa nikipiga samasoti tatu mfululizo, uwanja mzima unasimama. Na mwalimu aliyenifundisha ndiye aliyeniharibu, nikiwa darasa la sita, kwenye stoo ya magodoro ya mazoezi. Sikumwambia mtu. Medali nilivaa, na picha nikapiga naye, nacheka.

Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kuwasindikiza wasichana waliofanyiwa kama mimi: polisi, hospitali, kwa wazee. Pale Temeke wakanibandika jina. "Mama Kesi huyoo, ficheni waume zenu!" Waseme watakavyo. Kilichoniuma ni kwamba hakuna hata kesi moja iliyofika mahakamani. Zote ziliishia sebuleni kwa mtu, wakanywa soda, wakasema yaishe.

Halafu akaja binti wa jirani. Tulikuwa tunachambua mchele barazani kwangu, akaniambia anafanyiwa. Mwalimu ni yuleyule, na stoo ni ileile. Loo! Nikauweka ungo chini. Nikamwambia, "Mficha maradhi kilio kitamfichua, mwanangu. Sema. Ukimaliza wewe, nami nitasema yangu mbele yake. Hutakuwa peke yako."

Akaniuliza, "Wewe humwogopi?"

Nikasema simwogopi hata chembe. Niliamini hivyo, jamani.

Jumamosi asubuhi tukakaa uani kwa mjumbe wa nyumba kumi: mimi, binti, na baba yake, ambaye alikuwa hajajua amwamini nani. Binti alishika pindo la kitenge changu. Mwalimu akaingia, mvi zimemjaa, shati la mtumba limepigwa pasi likanyooka. Kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeshasimama, goti limekunjika, mdomo unasema, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Binti akaliachia pindo. Mjumbe alipomwambia aseme, alitazama chini, akasema hakuna kitu, alitunga tu. Mie nikapandisha mori, nikayamwaga yangu yote pale uani, stoo, magodoro, miaka niliyokaa kimya. Mjumbe alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa upole.

"Sasa mama," akasema, "mtu aliyekutenda hayo, kweli ungemwamkia kwa heshima namna ile?"

Adabu niliyofundishwa na mama yangu ndiyo iliyomziba mdomo mtoto wa watu, na siwezi kujisamehe.

Baba mtu aliona aibu kubwa. Alimwomba mwalimu radhi palepale, na Jumatatu jioni akampakia binti yake kwenye baiskeli, akampeleka mwenyewe mazoezini.